Kupe Hawa Wasilelewe

Ni makundi machache ya WhatsApp ya walimu na watumishi wa umma nchini Tanzania ambayo hayajaingiliwa na mgeni asiyealikwa. Kundi huundwa ili wanachama wapeane taarifa za mikutano, misiba na zamu za kazi. Mara hutokeza mtu akitangaza mikopo isiyo na dhamana, ajira zisizokuwako na fedha zinazozaa maradufu kwa siku tatu. Huyo ni kupe, aishiye kwa jasho la wengine.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwezi Mei 1978, afisa masoko wa kampuni moja ya kompyuta nchini Marekani aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo wasiloliomba, kwa njia ya mtandao wa utafiti ulioitwa ARPANET. Alikemewa, lakini baadaye alidai kwamba tangazo lile lilimletea mauzo makubwa. Hapo ndipo ilipo siri ya kupe: kuwaandikia watu elfu hakumgharimu karibu chochote, kwa hiyo akimpata mmoja tu, amekwisha faidi.

Sheria ipo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Namba 15040 nayo imewekwa ili kupokea taarifa za matapeli. Hata hivyo, sheria haiwezi kukesha mlangoni mwa kila kundi.

Adui mkubwa ni muhali. Msimamizi wa kundi huona haya kufuta tangazo kwa sababu limetoka katika simu ya mwenzao, kumbe akaunti ya mwenzao imekwisha tekwa. Wakati yeye anaona haya, mwalimu mmoja anatuma mshahara wake.

Basi msimamizi hana budi kufuta ujumbe huo mara moja, kumtoa mtumaji, na kumpigia mwenye simu ili asikie sauti yake. Mwanachama asijibu wala asiupeleke mbele. Na aliyekwisha ibiwa asichekwe, maana anayechekwa hunyamaza, na ukimya wake humpa mwizi nafasi ya kumwibia wa pili.

Kupe hang'oki mwenyewe. Sharti ang'olewe.