Nauli ya Mia Mbili na Haki ya Kupanda

Asubuhi za Juni zinauma Mbeya. Kwenye vituo vya Uyole, Mafiati na Kabwe, watoto wenye masweta ya shule hujikunyata wakisubiri daladala. Gari likifika, konda huwaangalia waliopo kisha huchagua. Mtu mzima huitwa kwa sauti. Denti huambiwa wenzake wametosha, asubiri gari la nyuma. Gari la nyuma nalo lina konda wake. Kwa mtoto wa Ipogolo, Iringa, anayesoma mjini, kuachwa kituoni ni kuupanda mlima kwa miguu.

Je, mwenye kutoa huduma ana haki ya kumkataa mteja? Anayo. Lakini haki hiyo ina mpaka, na anayemwacha mwanafunzi kituoni ameuvuka.

Mwenye baa anaweza kumtoa mlevi anayewatukana wahudumu. Muuza duka aliyebandika ukutani "Kukopa harusi, kulipa matanga" hamwonei mtu. Wakili anayemtetea mdai hawezi kumchukua na mdaiwa katika kesi ileile. Kukataa ndio uaminifu wa kazi yake. Wote hawa wanakataa kwa sababu ya jambo lililofanywa au lililoombwa. Mlevi akilala na kuamka na akili zake, atauziwa. Mwanafunzi hajafanya kosa lolote, na nauli yake halali anayo mkononi. Anakataliwa kwa sababu ya sare.

Nyanda za Juu Kusini tunaijua milango ya namna hiyo. Mahali kilipo leo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, wakoloni walijenga mwishoni mwa miaka ya 1950 shule ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kihehe aliyekulia jirani hakuulizwa kama ana akili au ada. Rangi yake ilikwisha kumjibia. Baada ya Uhuru milango ya rangi ilifunguliwa, na Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 ikakataza ubaguzi, ikitaja kabila, dini, rangi, jinsia na hata hali ya mtu katika maisha.

Ibara hiyo, hata hivyo, inawabana hasa watunga sheria na wenye mamlaka. Ili kuwafikia watoa huduma, zimehitajika sheria nyingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kuwanyanyapaa na kuwabagua wanaoishi na VVU, na hapa kwetu hilo si jambo la pembeni: katika utafiti wa kitaifa wa 2022/2023, mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ilikuwa Njombe, Iringa na Mbeya. Kama kila muuguzi, kinyozi au mama lishe angejichagulia wa kumhudumia, maelfu ya majirani zetu wangekosa pa kwenda. Huduma ikiwa ya lazima na mbadala wake mdogo, uhuru wa kuchagua wateja unageuka kuwa uwezo wa kumtenga mtu na maisha ya wenzake.

Konda naye ana hoja, tena nzito. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipotangaza nauli mpya Desemba 2023, mtu mzima katika safari isiyozidi kilomita 10 aliwekewa shilingi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kila kiti kinachokaliwa na mwanafunzi badala ya mtu mzima kinapunguza 400. Wanafunzi kumi katika safari moja ni shilingi 4,000. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, na mafuta hayauzwi kwa bei ya wanafunzi. Mbeya madereva wa daladala wamewahi hata kugoma, wakilalamika kwamba bajaji zinawanyang'anya abiria wa nauli kamili.

Haya yote ni kweli, na bado hayampi konda haki ya kumwacha mtoto. Leseni ya kusafirisha abiria ni mapatano na umma: umepewa njia ya kufanyia kazi, nawe umekubali kubeba watu kwa nauli iliyopangwa. Huwezi kushika nusu ya mapatano inayokufaa na kuitupa nyingine. Na mtoto anayekosa kipindi cha kwanza kila wiki hana njia ya kurudishiwa, wala binti anayelazimika kuomba lifti ya bodaboda hana wa kumhakikishia usalama.

Lakini kosa si la konda peke yake. Taifa limeamua mwanafunzi alipe theluthi ya nauli, uamuzi mzuri, kisha likaiacha gharama yake kwa vijana wawili, dereva na konda, wanaofukuzana na hesabu. Tulikwisha kuona matokeo ya mtindo huo mahali pengine. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake zikisema bei hizo hazilipi. Mzozo ulikuwa kati ya mfuko na hospitali. Aliyesimama dirishani na kadi isiyopokelewa alikuwa mgonjwa aliyekwisha kuchangia.

Kwa hiyo wajibu ugawanywe. Serikali na halmashauri za Mbeya na Iringa zipunguze ada na ushuru wa stendi kwa magari yanayobeba wanafunzi. Matajiri washushe hesabu siku za shule, kwa kuwa wanajua fika nani anapanda asubuhi. LATRA na askari wa usalama barabarani wawepo vituoni alfajiri, watoto wanapoachwa, na leseni ya anayerudia kosa iguswe. Na sisi abiria wazima tuache kunyamaza konda anapomzuia mtoto mlangoni. Mara nyingi neno la mtu mmoja linatosha.

Nani afidie ile 400 ni mjadala halali, na wenye magari wana haki ya kuupeleka LATRA, kwenye halmashauri na bungeni. Waupeleke kwa nguvu zote, huku mwanafunzi akiwa amekwisha kupanda.