Nuru ya Mwitiko: Tuipe Jina la Kwetu

Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu akipimwa kwa mashine ya GeneXpert, jibu hupatikana katika muda usiozidi saa mbili. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hicho Desemba 2010. Mashine imekwisha kufika kwetu. Maneno ya kuieleza bado yako njiani.

Tuanze na "kukuza vinasaba". Naona msemo huu unapotosha. Akuzaye mche huufanya uwe mkubwa, ukabaki mmoja. Kipimo hiki hutoa nakala: moja huwa mbili, mbili huwa nne, na mizunguko 30 ikikamilika bila dosari, nakala moja imekwisha kuzidi bilioni. Wanaisimu wana neno lake, nalo ni urudufishaji, lile lile tulitumialo kwa "polepole" na "sawasawa". Tulitumie.

Gumu zaidi ni ile nuru. Ndani ya kipimo mna vipande vidogo vya vinasaba vilivyokunjwa. Ncha moja ina rangi. Nyingine ina kizimio kinachoimeza nuru ya rangi hiyo. Kipande kikipata mwenziwe katika nakala za kimelea, hukunjuka, ncha zikaachana, na rangi ikimulikwa hutoa nuru isiyofanana na ile iliyoimulika. Tuseme "inang'aa"? Hata sufuria iliyosuguliwa hung'aa. "Inaakisi"? Kioo huakisi nuru ile ile kilichopewa. Kimulimuli naye hujitengenezea nuru yake bila kumulikwa. Nuru hii huitwa kwanza, kisha hujibu kwa rangi yake. Kwa hiyo napendekeza "nuru ya mwitiko". Sisi tuliolelewa na kiitikio hatutahitaji kufafanuliwa.

Wapo watakaosema "fluoresensi" yatosha. Maabarani, sawa. Lakini jibu halibaki maabarani, humwendea mgonjwa. Neno "chanya" kwake laweza kusikika kama heri. Tena, kipimo hiki hutambua vinasaba, hakitambui uhai. Aliyekwisha kutibiwa anaweza kuiwasha nuru ile ile kwa mabaki ya vimelea vilivyokufa. Akiambiwa "bado unaumwa" kwa jibu hilo peke yake, amehukumiwa kabla ya ushahidi kukamilika. Akiambiwa "vinasaba vya kimelea vimeonekana", ameambiwa kweli, na ana nafasi ya kuuliza: je, vi hai? Swali hilo hujibiwa kwa kuotesha makohozi, nako huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa asiyepewa maneno hawezi kuuliza.

Ndugu malenga, tumezoea kubishana juu ya vina na mizani, na ni haki yetu. Tubishane na juu ya hili pia. Mwenye neno bora kuliko langu alilete, nami nitaliacha langu bila kinyongo. Nisilolikubali ni kumwacha mgonjwa na karatasi asiyoweza kuisoma kwa lugha aliyonyonya.