Ni Nani Aliyemaliza Ndagala?

Ukikaa na watu wa ziwani siku hizi hutakosa kusikia swali hili: Ni nani aliyemaliza ndagala? Wengine hujibu kwamba ni wavuvi wenyewe, kwa tamaa yao na kwa nyavu zao za matundu madogo. Wengine, hasa sisi tuliosoma kidogo elimu ya viumbe, husema si wavuvi, ni joto la dunia. Kisha huongeza neno moja la hatari: "Ikiwa ni joto, basi mvuvi azuiwe kwa nini?" Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi nimezaliwa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, na ada yangu ya shule hulipwa kwa ndagala waliokaushwa mchangani. Kwa hiyo sisemi habari za mbali. Ndagala wakiadimika, wako miongoni mwetu ambao hawatarudi muhula ujao.

Yafaa kwanza tufahamu ndagala hula nini. Katika maji ya juu, ambako nuru ya jua yafika, huelea mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huliwa na vijidudu vinavyoelea vilevile. Mimea na vijidudu hivyo pamoja huitwa planktoni. Ndagala hula vijidudu, mukeke hula ndagala, nasi twala wote wawili. Kwa hiyo shamba la mvuvi ni planktoni, ijapokuwa hajapata kuliona.

Kila shamba lahitaji mbolea. Mbolea ya ziwa ni mabaki ya viumbe vilivyokufa, nayo huzama. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi mahali pake parefu kabisa, na kupita mita 200 hivi hakuna hewa ambayo samaki aweza kuvuta. Mbolea nyingi imelala huko gizani. Aipandishaye ni upepo. Kila kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kuja kaskazini kwetu, na kule kusini, upande wa Zambia, maji baridi ya chini hupanda pamoja na mbolea yake. Upepo ukitulia, ziwa huyumba kama maji katika beseni lililoinuliwa upande mmoja, na mbolea nyingine hupanda mahali pengine.

Sasa dunia imepata joto, hasa kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na petroli, na sehemu kubwa ya moshi huo imetoka katika nchi zenye viwanda vikubwa. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto upesi kuliko yale ya chini. Maji ya joto ni mepesi, nayo hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo hauwezi tena kuyachanganya kama zamani. Mbolea hubaki chini, planktoni hupungua, na ndagala hukosa chakula hata kabla wavu haujateremshwa.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba mazao ya mimea hiyo ya ziwa yalikuwa yamepungua yapata 20 kwa mia, wakakadiria kwamba samaki nao wangepungua yapata 30 kwa mia. Mwaka 2006 wataalamu wengine walipinga, wakasema kwamba mavuno yaliyopungua yatokana zaidi na mabadiliko ya uvuvi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichunguza tope la sakafu ya ziwa, ambalo huhifadhi mabaki ya samaki wa zamani, wakaona kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi wa meli kubwa ulioanza miaka ya 1950.

Wenzetu wa pwani nao watupa ushahidi. Huko Unguja, tangu mwaka 1989, wanawake wengi hulima mwani wa kuuza, wakiufunga kwenye kamba katika maji ya kina kifupi. Aina yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, huugua na kufa maji yanapopata joto mno, hata wakulima wengi wamebaki na aina ya spinosamu yenye bei ndogo. Pale hakuna awezaye kulaumiwa kwamba amevuna mali ya asili kupita kiasi, kwa maana mkulima hupanda mwenyewe. Basi joto peke yake laweza kupunguza riziki ya watu.

Je, twaweza kusema kwamba mvuvi aachwe avue apendavyo? Hasha! Hapo ndipo wenzangu wanapopotea. Kila mfugaji wa milimani kwetu ajua kwamba ng'ombe aliyekonda hakamuliwi kama aliyenona. Haulizi kwanza kama alikonda kwa ukame au kwa ugonjwa. Humwachia maziwa ndama wake. Ziwa lenye chakula kingi laweza kuvumilia wavu wa matundu madogo kwa muda. Ziwa lililopungukiwa planktoni haliwezi. Kwa hiyo habari ya joto haimpi mvuvi ruhusa. Yamwongezea sababu ya kujizuia.

Nchi zinazolizunguka ziwa zimeanza kulipumzisha. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka 2024. Mimi naunga mkono jambo hili. Lakini si haki mzigo wote umwelemee mtu mwenye mtumbwi mmoja. Yeye hakuwasha tanuru za viwanda, na watoto wake hawafungi matumbo kwa miezi mitatu. Wanaofunga ziwa yawapasa wafikiri pia atakula nini, na nchi zilizotoa moshi mwingi yazipasa zichangie chakula hicho. Kwa jina lake la kweli hilo ni deni, lisiitwe sadaka.

Nasi wanafunzi tusikae tukibishana tu bwenini. Sahani nyeupe iliyofungwa kamba, na kipimajoto kimoja, vyatosha kwa kuanza. Teremsha sahani majini mpaka isionekane, andika ni mita ngapi, andika na joto la maji, kila juma, mahali palepale. Maji yenye planktoni nyingi huificha sahani upesi. Baada ya miaka kumi shule yetu itakuwa na daftari lenye thamani kuliko mabishano yote.

Enyi ndugu mliotangulia, mlio na kazi na mishahara, na ninyi mlio na mitumbwi, hapa pana nafasi yenu. Kipimajoto si ghali, na mtumbwi wa kututoa ufukoni saa moja kwa juma si mzigo mkubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Atakayekuwa tayari na amwandikie mhariri wa gazeti hili, ili daftari lifunguliwe kabla upepo wa kiangazi kijacho haujaanza kuvuma.