Pampu ya Mkono si Aibu

Wako watu, tena wengi wao ni wasomi, wanaoona haya kuonekana na pampu ya baiskeli ndani ya gari. Kwao chombo hicho ni cha mwuza maziwa na mwuza mkaa, si cha mtu aliyekwisha kupanda daraja akakaa nyuma ya usukani. Mkwe wangu, kijana mwema ambaye sina ugomvi naye katika jambo lingine lolote, alipoiona yangu chini ya kiti alicheka akaniuliza, "Baba, na baiskeli yenyewe iko wapi?" Nilimjibu siku ile ile, lakini jibu la mdomo husahaulika kabla chai haijapoa. Kwa hiyo naandika.

Dai langu ni hili. Kila gari linalotoka nje ya mji na lichukue pampu ya mkono, fupi ya kutosha kulala chini ya kiti, na imara ya kutosha kulijaza tairi mpaka liweze kubeba abiria. Wanaoidharau kwa sababu wana tairi la akiba, au kwa sababu wamenunua kimashine cha umeme, wanaegemea ukuta ambao hawajaugusa.

Tuanze na hilo tairi la akiba. Magari mengi madogo yanayotujia kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huja na tairi jembamba ambalo si ndugu wa yale manne yaliyo chini. Ubavuni mwake, kwa anayejali kusoma, limeandikwa kilopaskali 420, yaani paundi 60. Matairi ya kawaida ya gari dogo huhitaji paundi 30 hadi 35 tu. Tairi lolote hupoteza upepo hata likilala bila kazi, paundi moja au mbili kila mwezi. Sasa chukua daftari, ndugu msomaji, ufanye hesabu ya darasa la nne: tairi lililojazwa paundi 60, likakaa kwenye buti miaka miwili chini ya madumu na magunia, limebaki na paundi ngapi? Ukitoa moja kila mwezi utapata 36. Ukitoa mbili utapata 12. Na paundi 12 si tairi, ni mfuko wa mpira. Askari wa usalama barabarani wamenisimamisha mara nyingi, wakataka kuona mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi mwanga. Hata mmoja hajapata kuniomba nifungue buti tubonyeze tairi la akiba kwa kidole gumba.

Haya si mambo ya kufikirika. Miaka kadhaa iliyopita tulikodi gari dogo la abiria kutoka Dodoma kwenda Singida kuzika. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na miongoni mwetu alikuwamo mdogo wake marehemu, mtoto wa mama mmoja. Tulipokwisha kuipita Manyoni tairi la nyuma likapasuka. Dereva, ambaye sitamtaja wala sitamtaja mwenye gari, alishuka kwa madaha, akatoa jeki, akatoa spana, akalitoa na tairi la akiba. Lilipogusa lami likalala kama chapati. Jeki anayo, spana anayo, tairi jipya kabisa analo, ila upepo hana! Akapita mzee mmoja na baiskeli, pampu imefungwa kwenye fremu, akasimama kwa huruma akatupa. Mdomo wa pampu yake ulikuwa wa baiskeli ya kizamani, mwembamba, haukushika kwenye mdomo wa tairi la gari. Tulikaa pale saa tatu na zaidi. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mizigo, aliyekuwa na mpira mrefu wa kuchukulia upepo kwenye mitungi ya breki zake. Tulipofika Singida watu walikuwa wameshanawa mikono wanarudi kutoka makaburini. Mdogo wake marehemu aliongozwa mpaka kwenye udongo mbichi akasimama pale. Hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Mtu mwenye pampu inayofaa angetumia dakika kumi.

Najua watakavyonijibu. Watasema siku hizi viko vimashine vya umeme vya kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara: unabonyeza kitufe, unakaa pembeni, tairi linajaa lenyewe. Sivipingi vikifanya kazi. Napinga imani. Kimashine cha aina hiyo huvuta umeme mwingi, mara nyingi ampea kumi au zaidi, na fyuzi ya kiwashio ikiwa dhaifu inakatika. Betri ya gari ikiwa imekufa, nacho kimekufa. Vingi vyao vimeandikiwa kwenye karatasi yao wenyewe kwamba vipumzishwe baada ya dakika kumi au kumi na tano, na hakuna anayeisoma karatasi hiyo mpaka asikie harufu ya waya unaoungua. Vile vipya vyenye betri ndani yake ndivyo vinavyonichekesha zaidi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hapa kwetu hupita nyuzi 50 za joto ndani yake, na betri za namna hiyo huchukia joto kuliko paka anavyochukia maji. Mwenyewe atakumbuka kukichaji lini? Atakumbuka usiku ule atakapokihitaji. Zile kopo za povu la kuziba pancha nazo sizitaki. Zimeandikwa zisikae penye joto kali, nasi tunaziweka kwenye buti.

Watasema tena kwamba pampu ya baiskeli haiwezi kujaza tairi la gari. Hapa nawasihi tuache ubishi tushike kalamu, maana kosa lao si la dharau tu, ni la fizikia. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu nilikuwa na pampu moja darasani kwa ajili ya kanuni ya Boyle, ile ya mwaka 1662 inayosema kwamba hewa ikibanwa nafasi nusu, kani yake inakuwa maradufu. Wanachuo walipenda kuigusa ncha ya chini baada ya kusukuma sana, wakaikuta moto, wakapiga kelele, "Msuguano!" Nikawaambia wapake mafuta wasukume tena. Bado moto. Hewa yenyewe ndiyo inayopata joto kwa kubanwa. Basi turudi kwenye tairi.

Tairi la gari dogo lina ujazo wa lita 30 hivi. Kulitoa paundi 15 kulifikisha paundi 30 kunahitaji kuliongezea lita 30 nyingine za hewa ya kawaida. Ukichukua kile kipampu cha kupendeza kinachoingia mfukoni, kipenyo sentimeta 2, mwendo wa mpini sentimeta 15, kila ukisukuma unaingiza sentimeta 47 tu za ujazo. Utasukuma zaidi ya mara 630, tena ukiwa umekishika hewani kwa mikono miwili. Huyo anayesema haiwezekani alijaribu na kitu kama hicho, na kwa kitu hicho ni kweli atazimia. Nenda sasa upande wa pili: ile pampu ndefu ya kusimama, kipenyo sentimeta 3.5, mwendo sentimeta 45. Inaingiza sentimeta 430 na ushei, nawe utamaliza kwa mara 70. Lakini hailali chini ya kiti, itazungukazunguka kwenye buti mpaka mizigo iivunje mpini. Na unene una gharama yake. Ukifika paundi 60 za lile tairi jembamba, pampu ya unene huo inadai uigandamize kwa uzito wa kilo 40. Mwanamume mwenye nguvu ataweza. Bibi mwenye kilo 55 anayesafiri na wajukuu atahangaika.

Inayofaa iko katikati. Kipenyo kati ya sentimeta 2.5 na 3, mwendo wa mpini sentimeta 25 au zaidi kidogo. Kwa hesabu ile ile utasukuma mara 200 hivi, na hata kwenye paundi 60 haitadai zaidi ya kilo 30, ambazo mtu mzima yeyote anazipata kwa kuinama na kuegemea. Mimi nimevuka miaka sabini. Nasukuma mara hamsini, napumzika, nahesabu magari yanayopita bila kusimama, naanza tena.

Lakini ukubwa si kitu kama hakuna mambo haya mengine. Pampu iwe na kijiguu cha kukunja cha kukanyagia, kwa sababu asiyekanyaga husukuma kwa mikono peke yake, na mikono huchoka kabla ya mgongo. Iwe na mpira wa kuunganishia, hata kama ni mfupi wa shubiri moja na nusu, kwani pampu inayopachikwa moja kwa moja kwenye tairi hutikisa mdomo wa tairi kila ukisukuma, na siku moja huuvunja. Mdomo wake uwe ule mpana wa gari na pikipiki. Usikubali maneno ya mwenye duka kwamba "zote ni sawa, mzee." Mwombe ruhusa utoke nayo mpaka kwenye gari lako, uipachike, usukume mara kumi, usikilize. Akikataa, duka la pili haliko mbali. Silinda iwe ya chuma au alumini. Ya plastiki hupinda kwa joto la gari. Kipimo cha upepo kilichojengwa ndani ni kizuri kikiwapo, ila vingi vya bei ndogo husema uongo, heri ununue kipimo peke yake.

Sitaki mtu aseme nimeisifu kupita kiasi. Tairi lililopasuka ubavu pampu haitalishona. Tairi lisilo na mpira wa ndani likichomoka kwenye ukingo wa ringi, pampu ya mkono haitoi hewa kwa kasi ya kulirudisha, hilo ni la kompresa. Lakini tairi lenye msumari, ambalo huvuja taratibu, mwenye pampu hulijaza bila kuung'oa msumari, akaenda nalo mpaka kwa fundi pancha wa kijiji kinachofuata. Na tairi la akiba lililonywea halina dawa nyingine ya porini.

Ukishainunua, ifunge kwenye kitambaa kizito uiweke chini ya kiti cha abiria wa mbele, si kwenye buti chini ya mizigo. Kama ndani ina washa ya ngozi, ifungue kila baada ya miezi mitatu uitie matone mawili ya mafuta ya cherehani, kwani ngozi ikikauka hupitisha hewa pembeni nawe utasukuma mpaka alfajiri. Siku hiyo hiyo ya mafuta ndiyo siku ya kulitoa tairi la akiba na kulijaza. Mkwe wangu ameniomba nimtafutie moja, ila amesema iwe nyeusi ili isionekane.