Chupa si kipimo cha moteri

Ndugu mfanyakazi, kazini hakuna anayewasha kompresa bila kutazama kwanza mafuta yake. Kapita hakubali, na wewe mwenyewe hukubali. Lakini jioni, huku Mavivi, pikipiki inayokupeleka kazini, inayompeleka mama sokoni Beni na mtoto hospitali ya Oicha, unamwachia mtu wa kando ya njia aifanyie vidanje huku wewe ukipiga masimulizi. Anafungua chupa ya litri moja, anamwaga yote, anafunga. Umelipa litri nzima, basi litri nzima iingie! Mawazo hayo ni mabaya, tunayasema wazi.

Chupa ni kipimo cha mwuzaji. Moteri ina kipimo chake. Pikipiki nyingi za kubeba abiria hupokea karibu litri moja, lakini skuta nyingi ndogo, wakati wa vidanje, zinataka mililita 700 au 800 tu. Tena kitabu cha pikipiki mara nyingi huandika hesabu mbili: kubwa ni ya moteri iliyofunguliwa yote, ndogo ni ya vidanje, kwa sababu mafuta kidogo ya zamani hubaki ndani hata ukingoja sana. Wengi husoma ile kubwa.

Mafuta yakizidi, vyuma vinavyozunguka ndani huyapiga kama mama anavyopiga mayai, yakawa povu. Povu halilindi chuma. Mengine husukumwa mpaka kwenye kichujio cha hewa, mengine hupenya na kudondoka karibu na gurudumu la nyuma. Fikiri tairi na breki vyenye mafuta, umebeba mke na mtoto, mvua imenyesha!

Yakipungua ni vibaya zaidi. Moteri inachemka, pistoni inashikana, na kwenye pikipiki ya vitesi gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafula. Hapo minya ambreyaji mara moja ili gurudumu lizunguke. Hata usipoanguka, umesimama njiani. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, hakuna wa kwetu asiyejua maana ya kuharibikiwa kwenye njia ya Oicha giza likiingia.

Kupima si kazi ya shule kubwa. Simamisha pikipiki wima, kwa miguu yake miwili, mahali pa sawasawa. Ikilala upande kipimo kinadanganya. Iwashe dakika tatu hivi, izime, ngoja dakika mbili au tatu mafuta yashuke. Pangusa kijiti cha kupimia, kirudishe, kitoe, usome. Kwa pikipiki nyingi kijiti kinawekwa tu juu ya tundu bila kukazwa, lakini kwa nyingine kinakazwa. Tazama kitabu, kwa maana tofauti yake si ndogo. Kama kuna kioo kidogo ubavuni, mafuta yawe kati ya alama mbili. Mimina pungufu kwanza, pima, ongeza kidogo kidogo. Yamezidi? Yavute kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba.

Wenye skuta za mkanda, angalieni jambo moja. Skuta hizo zina skurubu mbili za kumwagia chini: moja ya moteri, nyingine ya giya za nyuma, ambazo hutaka kama mililita 120 tu. Fundi mwenye haraka anamwaga ya giya, halafu anajaza moteri ambayo bado imejaa. Hapo umeharibu vitu viwili kwa bei ya vidanje moja. Pikipiki za vitesi ambazo ambreyaji yake inaogelea ndani ya mafuta zitafutiwe chupa iliyoandikwa JASO MA. Mafuta mengine ya gari huifanya iteleze.

Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Mama, yasipakwe kwenye kidonda wala kichwani mwa mtoto: yana sumu inayoweza kuleta kansa ya ngozi yakigusa mwili mara kwa mara. Fundi na anawe kwa sabuni kabla ya kula. Na lile beseni lililokingia vidanje lisirudi tena jikoni.