Makuta ya CNSS: wanakata, lakini inafika wapi?

Wakisema udanganyifu wa asiransi, watu wengi wanafikiri dereva mwenye karatasi ya uongo kwenye kioo cha gari, ao mfanyakazi anayejifanya mgonjwa. Wale wako, hatuwafichi. Lakini sisi wa sendika, huku kwenye migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, tunaona udanganyifu mwingine. Ule unafanyika ofisini, kwa kalamu.

Sheria ya tarehe 15/7/2016 inalinda mfanyakazi katika mambo matatu: ajali na magonjwa ya kazi, pensheni, na posho ya familia. Juu ya ile, kila mwezi mfanyakazi anakatwa 5%, patron naye anatoa 13%. Tufanye hesabu. Mtu anapata dola 400: anakatwa 20, patron anatoa 52, jumla 72. Lakini kuko sosiete za sutretansi zinazoandika kwamba analipwa 150. Basi CNSS inapata 27 tu. Dola 45 zinabaki kwa patron, na ndani yake 12,50 ni jasho la mfanyakazi mwenyewe. Kwa watu 100, ni dola 4.500 kila mwezi. Na kesho pensheni itahesabiwa juu ya ile 150.

Wengine hawaandikwe hata kidogo. Siku ya ajali, njo tunajua. Mwenzetu mmoja aliangukiwa na chuma, mkono ukavunjika. Kwenye fishi yake ya mushahara, makato yalionekana kila mwezi. Kufika CNSS, jina hakuna. Sosiete kubwa ikasema: "Huyu si wetu." Patron wake alikuwa amemaliza mkataba, ofisi imefungwa.

Wakaguzi wako, wa CNSS na wa kazi. Lakini mkaguzi anaona vitabu anavyoonyeshwa. Sisi tunaona watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, sosiete kubwa isilipe faktire ya sutretansi bila kuona karatasi ya malipo ya CNSS, yenye majina na mishahara ya kweli. Pili, wewe mfanyakazi, usingoje ajali. Omba namba yako, chukua fishi yako, nenda CNSS, linganisha. Kama hazipatane, leta kwa delege wako, tutasimama pamoja.

Na sisi pia tuache kuandikisha watoto wa jirani juu ya posho. Mwenye kudai haki yake, mikono iwe safi.