Programu Huria si Kazi ya Bure



Wapendwa wanaparokia, tafakari ya juma hili imezaliwa mlangoni pa ofisi. Siku ya Jumanne, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa jumuiya zetu alinisubiri hadi watu wote walipotawanyika, kisha akaniambia: “Baba, nisaidie kuzungumza na mwanangu. Huu ni mwaka wa pili tangu amalize chuo, na kila usiku anakesha na kompyuta. Nikimwuliza anafanya nini, anasema anafanya kazi na watu wa Ujerumani na India. Nikimwuliza mshahara uko wapi, anasema wanajitolea. Kazi gani hiyo, Baba?” Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba majirani wameanza kunong’ona kuwa kijana ni tapeli wa mitandaoni, na kwamba mjomba wake amempa nafasi dukani, naye anaikwepa.

Nilimwita kijana huyo, akaja Alhamisi jioni. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuandaa hotuba ya kumwonya. Sikuitoa.

Alinieleza kwanza maana ya programu huria. Programu nyingi za kompyuta huuzwa zikiwa zimefungwa: unaruhusiwa kuzitumia, lakini huruhusiwi kuona jinsi zilivyoandikwa wala kuzirekebisha. Programu huria ni kinyume chake. Maandishi yake yote yako wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuwagawia wengine. Mmarekani Richard Stallman aliutangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 kwa kusudi hilo, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanza kuandika Linux, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android mnayoishika mikononi. Waingereza na Wamarekani wamehangaika sana kueleza jambo hili, kwa kuwa lugha yao ina neno moja tu kwa maana ya “huru” na ya “bure”. Sisi Waswahili tunayo maneno mawili, na bado tunayachanganya! Programu ni huria. Aliyeiandika hula ugali kama mimi na wewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Mwaka jana kompyuta ya ofisi yetu ilipoharibiwa na virusi, ni kijana huyu huyu aliyekuja kuisafisha, akaweka mfumo huria na programu ya LibreOffice, kisha akatutengenezea majedwali ya daftari la Ubatizo, la Kipaimara na la Ndoa, ili katibu asiendelee kupekua vitabu vilivyoliwa na mchwa kila mtu anapohitaji cheti. Alitumia Jumamosi tano. Tulimpa soda na maandazi, nami nikamwambia, “Mwanangu, Mungu atakulipa.” Mungu hulipa, sina shaka, lakini sijui ni nani aliyeniruhusu kumwandikia Yeye madeni ya parokia. Ninapotoa mafundisho juu ya waraka wa Rerum Novarum, ambao Papa Leo XIII aliutoa mwaka 1891 akitetea ujira wa haki, huwa nawataja matajiri wa viwanda. Sikuwahi kuitaja ofisi yangu mwenyewe.

Turudi kwenye swali la mama. Je, kazi hii ina mshahara? Upo, ila haukai mahali watu wanapoutafuta. Fikirini kisima cha kijiji. Maji ni ya wote, lakini pampu ikikatika lazima apatikane fundi, na fundi hulipwa. Kampuni ya Red Hat ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitajirika kwa njia hiyo: haikutegemea kuuza programu iliyofungwa, bali iliuza uhakika kwamba mfumo ukikwama yupo mtu wa kuuinua. Mwaka 2019 kampuni ya IBM iliinunua kwa takriban dola bilioni 34. Hata Linux yenyewe, ambayo wengi hudhani ni kazi ya wapenzi wanaojitolea usiku, sehemu kubwa ya mabadiliko yake sasa huandikwa na waajiriwa wa makampuni kama Intel, Google na hiyo Red Hat. Torvalds naye analipwa, na Linux Foundation.

Lakini nisiwapambie mambo. Upande wa pili ni mchungu. Ipo programu iitwayo OpenSSL, inayolinda siri za mawasiliano ya mabenki, ya barua pepe na ya tovuti nyingi duniani. Mwezi Aprili 2014 iligunduliwa ndani yake kasoro kubwa iliyopewa jina la Heartbleed, iliyokuwa imekaa humo miaka miwili bila kuonekana. Watu walipouliza ni nani aliyekuwa akiitunza programu muhimu hivyo, ilidhihirika kwamba mradi ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwa muda wake wote. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yakinywa maji ya kisima hicho bila kuuliza habari za fundi. Baada ya aibu hiyo ndipo yalipochanga fedha.

Na hayakujifunza vya kutosha. Mwezi Machi 2024 programu ndogo iitwayo xz, inayotumika kubana mafaili katika mifumo mingi ya Linux, ilikutwa imepandikizwa mlango wa siri. Mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja aliyejitolea, aliyekwisha kusema wazi kwamba amechoka na kwamba hiyo ni kazi isiyo na malipo. Mtu asiyejulikana alijitokeza kumsaidia, akajenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akatia sumu. Tuliokolewa na mhandisi mmoja wa Microsoft aliyeona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akaanza kuchunguza. Nusu sekunde, wapendwa! Mchovu asiyelipwa humshukuru yeyote anayejitolea kumbebea mzigo, na hapo adui hupata nafasi.

Kwa hiyo nilimwuliza kijana: wewe unatarajia kupitia mlango gani? Alikuwa na majibu kuliko nilivyodhani. Kampuni ya Google tangu mwaka 2005 huwalipa posho wanaoanza ili wafanye kazi katika mradi huria kwa miezi kadhaa chini ya msimamizi, na tangu mwaka 2022 si lazima mwombaji awe mwanafunzi. Mpango mwingine, Outreachy, umekuwa ukitoa dola 7,000 kwa miezi mitatu, ukiwalenga hasa watu ambao katika nchi zao hubaguliwa au ni wachache katika fani hii. Wasichana wetu waliosoma kompyuta wausikie. Katika yote mawili mwombaji hutazamwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya hadharani, yaani kasoro aliyoirekebisha, maelezo aliyoyaandika, swali la mgeni alilolijibu kwa upole. Hiyo ndiyo faida ya kuandika mahali palipo wazi: jina lako linabaki kando ya kazi yako, na mwajiri wa mbali huweza kuisoma bila kukuomba barua ya mjomba aliye serikalini.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba riziki iliyo karibu zaidi haiko Marekani. Iko hospitalini. Mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kuundwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, nchini Kenya. Mfumo mwingine, DHIS2, wenye mizizi Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaokusanya takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi. Mifumo hii haiuzwi, lakini haijisimiki yenyewe. Yahitaji mtu wa kuiweka, wa kuwafundisha wauguzi, wa kuipatanisha na fomu zetu, wa kupigiwa simu takwimu zinapogoma kutumwa. Mtu huyo ana mkataba. Na kama amekwisha kurekebisha jambo dogo ndani ya mfumo wenyewe, anaingia kwenye usaili akiwa na ushahidi mkononi.

Nilimwambia pia jambo ambalo hakulipenda. Kujitolea bila ukomo ni anasa ya mwenye chakula nyumbani, na wapo wajanja wanaoliita “uzoefu” lile ambalo Kiswahili sanifu huliita unyonyaji. Mama yake anauza mboga, na mafuta ya taa hayanunuliwi kwa sifa. Tulikubaliana basi kwamba aende dukani kwa mjomba mchana, jioni atenge saa mbili tu kwa mradi mmoja badala ya mitano, na ajiwekee mwaka mmoja wa kutuma maombi. Na kabla ya kukubali kazi ya mbali, aulize kwanza fedha zitamfikia kwa njia gani. Mama naye nilimwomba awaambie majirani kwamba kazi ya mwanawe iko wazi na yeyote mwenye intaneti anaweza kuikagua. Utapeli haufanywi hivyo.

Lilibaki deni letu. Niliifikishia Halmashauri ya Walei shauri la kumlipa kwa Jumamosi zile tano, na kumpa malipo kila baada ya miezi mitatu ili aendelee kuitunza kompyuta. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tulipie programu ya bure. Nilimjibu kwa habari ya pampu, akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika. Shauri lilipita kwa kura mbili.

Hadi ninapoandika haya kijana hajapata mkataba wowote kutoka ng’ambo. Ametuma maombi mahali pawili na anasubiri. Jana katibu alimlipa awamu ya kwanza, akatia sahihi katika kitabu cha stakabadhi, na jioni mama yake alipita ofisini akaomba, kama si usumbufu, aone ile sahihi.